Je, wajua? Baridi inayoshuka jioni vihambani haitoki kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro

Mwishoni mwa Desemba vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya Kibosho, Machame, Old Moshi, Marangu na Rombo hujaa watu waliorudi nyumbani, na chakula cha jioni huhamia nje: meza uani, mafiga pembeni, sufuria kubwa la machalari (ndizi na nyama), mbuzi juu ya makaa. Aliyekaa hapo tangu saa kumi alasiri ataona jambo. Moshi wa jiko, ambao mchana kutwa ulikuwa ukielekea juu mlimani, karibu na machweo husimama wima kama nguzo. Ikifika saa mbili usiku umeshageuka na unashuka kuelekea tambarare. Baridi huja nao, na aliyekuwa na fulana tu anaanza kuulizia sweta.

Kwa nini upepo ugeuke, tena kwa saa karibu ileile siku baada ya siku wakati wa kiangazi? Jibu linalotolewa mezani huwa moja: "Ni barafu ya Kibo hiyo." Ni jibu linalokubalika haraka, kwa sababu kila kipande chake kikichukuliwa peke yake ni kweli. Barafu ipo juu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Kitu kizito huteremka. Kosa liko kwenye mahali safari inapoanzia, na ukilikosea hapo utaweka jiko pasipofaa, utawakalisha wazee pasipofaa, na utafunga lango ambalo lilipaswa kubaki wazi.

Tuanze na hesabu. Hewa inaposhuka mlima hubanwa, kwa kuwa kadiri unavyoteremka ndivyo hewa iliyo juu yako inavyozidi kuwa nyingi na kukandamiza. Hewa inayobanwa hupata joto. Shika mdomo wa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utasikia joto hilo. Bonyeza vali ya tairi lililojaa, hewa inayotoka na kutanuka itakupiga vidole kwa ubaridi. Mlimani kanuni ni hiyohiyo, na kipimo chake kinajulikana: hewa kavu ikishuka mita 100 hupata karibu nyuzi 1 ya sentigredi. Sasa chukua hewa iliyo kwenye barafu, mita 5,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ikiwa na nyuzi 7 chini ya sifuri. Iteremshe mpaka kihambani kwenye mita 1,400. Imeshuka mita 4,300, kwa hiyo imepata nyuzi 42 hivi. Ingefika mezani ikiwa na nyuzi 35! Hilo ni joto la kumfanya mtu atafute kivuli, si sweta.

Barafu yenyewe nayo imebaki kidogo mno. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 haikufika hata 2. Kipande hicho hakiwezi kupoza vijiji vilivyouzunguka mlima wenye kimo cha mita 5,895, huku katikati kukiwa na jangwa la mawe, nyika ya vichaka na msitu mnene. Tena barafu haiondoki mchana. Kama ndiyo ingekuwa inasukuma upepo, upepo ungeshuka saa sita mchana kama unavyoshuka saa mbili usiku, lakini mchana upepo hupanda.

Ushahidi unaomaliza ubishi uko Arusha. Mlima Meru hauna barafu ya kudumu, lakini muulize mkazi wa Ngaramtoni, Ilboru au Tengeru kama jioni haimletei hewa ya baridi kutoka mlimani. Lushoto vilevile, na milima ya Upare. Penye mteremko na anga safi, jambo hilo lipo, barafu iwepo isiwepo.

Baridi inatoka wapi basi? Inatoka ardhini, kwenye mashamba na viwanja vilivyo juu kidogo ya ulipokaa.

Kaa mbele ya moto wa kuni usiku. Uso unachomwa na mgongo una baridi, ingawa hewa inayokuzunguka pande zote ni ileile. Joto la moto linakufikia kwa mnururisho, linaruka moja kwa moja kutoka kwenye makaa hadi kwenye ngozi bila kungoja hewa ilibebe. Na mgongo wako pia unatoa joto kwa njia hiyohiyo, ila nyuma yako hakuna moto wa kukurudishia. Ardhi ya mteremko ndivyo ilivyo. Mchana jua liko mbele yake. Jua likizama, mwezi wa Desemba mnamo saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa mji wa Moshi, ardhi inaendelea kutoa joto kwenda angani, na anga safi ya usiku hairudishi joto la kutosha. Udongo unapoa, majani yanapoa, mabati yanapoa zaidi.

Mabati ndiyo mahali pazuri pa kuliona hili kwa macho. Usiku usio na mawingu pitisha kiganja juu ya bodi la gari lililoegeshwa uwanjani. Linalowa. Hakuna mvua iliyonyesha. Bati limepoa kuliko hewa yenyewe, na mvuke uliomo hewani umegeuka umande juu yake. Gari lililoegeshwa chini ya mparachichi mnene, hatua kumi tu kutoka hapo, mara nyingi huwa bado kavu, kwa sababu matawi yamelikinga na anga na kulirudishia sehemu ya joto lake.

Hewa inayogusa ardhi iliyopoa nayo hupoa na kuwa nzito. Kwenye tambarare ingelala hapohapo. Penye mteremko haiwezi kulala, inateleza. Na namna inavyoteleza inaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kufungulia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, shambani. Maji ya mfongo hayaruki, hufuata ardhi. Hutafuta sehemu ya chini zaidi, huingia kwenye kila mfereji, yakikuta kizuizi hujaa nyuma yake kwanza kisha hupita pembeni au juu yake. Vijito vidogo huungana kuwa kikubwa, na kikubwa hicho huishia korongoni. Hewa baridi ya jioni hufanya hayo yote, ila kwa upole zaidi. Mwanzoni ni tabaka jembamba, haifiki magotini, ndiyo maana miguu husikia baridi kabla ya mabega. Baadaye hunenepa. Kwa kawaida mwendo wake hauzidi wa mtu anayetembea. Unatosha kulaza mwali wa mshumaa na kugeuza moshi. Nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo huupata upepo huu mapema na kwa nguvu kuliko nyumba iliyo mgongoni mwa kilima.

Lakini si tumesema hewa inayoshuka hupata joto? Hupata, nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ila inashuka ikiwa imelalia ardhi iliyopoa, na ardhi hiyo inaendelea kuinyang'anya joto njia nzima. Tena hewa inayofika mezani kwako haijasafiri mita elfu nne, imetoka kwenye mashamba na ukingo wa msitu ulio juu yako.

Mchana ni kinyume: jua hupasha mteremko, hewa iliyoushika hupata wepesi na kupanda, ikibeba unyevu unaogeuka mawingu juu ya msitu. Ndiyo sababu Kibo huonekana vizuri alfajiri na jioni, na saa sita mchana imefunikwa.

Kati ya upepo wa kupanda na upepo wa kushuka kuna utulivu, wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine zaidi ya saa nzima. Hapa ndipo wapishi wengi hukosea. Moshi umesimama wima, mtu anaona upepo umekwisha, anasogeza meza chini ya jiko kwa sababu hapo kuna nafasi. Saa moja baadaye moshi wote uko kwenye sahani. Wakati huohuo moshi hufika urefu fulani, kama wa mnazi hivi, ukatanda bapa kama dari. Hewa ya chini imeshakuwa baridi kuliko ya juu yake, na moshi ukipoa hauna tena nguvu ya kupenya tabaka hilo la joto.

Kwa hiyo jiko la shughuli ya jioni lisikae juu ya meza wala chini yake kwenye mteremko. Likiwa chini, wageni watakula moshi kabla ya machweo. Likiwa juu, watakula moshi baada yake. Liwe ubavuni, usawa mmoja na meza, umbali wa mita 8 hadi 10, ili moshi upande na kushuka ukipita kando. Usitumie dira, kwa sababu mlima uko kaskazini kwa mtu wa Kibosho na magharibi kwa mtu wa Rombo. Tumia juu na chini kama wenyeji wanavyosema.

Mdomo wa mafiga nao utazame ubavuni. Ukitazama chini, upepo wa alasiri utaingia moja kwa moja, kuni zitaisha haraka na mwali utatokea nyuma ya sufuria badala ya kukaa chini yake. Upepo ukigeuka, mwali huohuo utarudi mdomoni na kumchoma mpishi miguu. Pilau inayomalizikia kwenye mkaa huiva upande na upande kubaki na kiini, kwa sababu ubavu unaotazama juu unapigwa na baridi. Zungusha sufuria robo duara kila baada ya dakika tano, na makaa ya juu ya mfuniko yawe mengi zaidi upande huo.

Nyama yenye mafuta inataka haraka kuliko pilau. Mafuta ya mbuzi na ya ng'ombe huanza kuganda kwenye nyuzi 40 na kitu, yaani yakiwa bado na joto kuliko mwili wa mtu. Supu iliyopakuliwa kwenye bakuli la bati na kuachwa uwanjani wakati baba anaendelea na sala ya chakula itafunga utando mweupe, na utando huo utagandia kwenye kaakaa. Acha supu jikoni mpaka watu wawe wameketi. Machalari nayo yapakuliwe kutoka kwenye sufuria lililofunikwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha mfuniko juu yake. Jani huziba kingo ambazo mfuniko uliopinda huziacha wazi.

Turubai watu hulikodi kwa hofu ya mvua, na anga likiwa safi hulikunja. Ni vizuri likabaki. Halizuii upepo, lakini linafanya kazi ya ule mparachichi juu ya gari: mabega na meza havitazami tena anga tupu. Wazee wakae chini yake, au kwenye ukingo wa migomba upande wa juu wa uwanja, ambako majani yanafunika ardhi nayo haipoi kwa kasi.

Ua wa masale, mmea wa kuotesha kuzunguka kihamba, upande wa juu ni msaada mkubwa, maana hewa baridi hukwama nyuma yake na kuzunguka. Shida ni pale uwanja unapokuwa na ua pande zote. Baridi itapita juu ya ua wa juu, itashuka ndani na kukosa pa kutokea, na uwanja utageuka bwawa. Fungua lango la chini. Kama hakuna lango upande huo, usiweke meza kwenye pembe ya chini kabisa, hata kama ndipo palipo sawa zaidi.

Haya yote yanategemea anga. Mawingu yakitanda usiku, yanarudisha joto la ardhi na upepo wa kushuka huwa dhaifu au haupo kabisa. Usiku wa Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha, ndio wenye nguvu. Kaskazi nayo ina sauti yake. Kwenye migongo ya wazi na huku chini tambarare, kuelekea Himo, inaweza kuvuma usiku kucha bila kujali mteremko.

Usiku wa kuamkia shughuli, saa mbili, simama pale unapotaka kuweka meza ukiwa na kijinga kinachotoa moshi. Kishike kwanza usawa wa goti, kisha usawa wa kichwa. Moshi wa gotini ukikimbia chini na wa kichwani ukibaki umesimama, tabaka ndiyo kwanza linaanza. Rudi baada ya saa moja, kwa kuwa huo wa saa tatu ndio utakaowakuta wageni wakila.