Nairobi hadi New York: kwa nini saa 13 za kwenye simu hazitoshi

Wakishajua kuwa kazi yangu ni kupanga safari za ndege, jamaa huniuliza: iweje kwenda New York kutoka Nairobi ni kama saa 15, na kurudi 14? Wengine wameshapiga hesabu kwenye simu wakapata 13, wanaona rubani anazunguka bure.

Umbali hauna ubishi, mradi usipime kwa rula. Kwenye ramani ya ukutani rula inakutoa Afrika kupitia pwani ya Mauritania, na ukiifuata utasafiri kama kilomita 12,190. Sasa tafuta tufe la dunia, ukaze uzi kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York. Utaona unakwenda kaskazini zaidi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, kisha jirani na Marrakech, ambapo safari imefika nusu. Baharini unapanda hadi latitudo ya 42, kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo unashuka. Huo ndio mkato; umeokoa kilomita 350 hivi.

Kompyuta hufanya kazi ya uzi kwa latitudo na longitudo: inatafuta pembe kati ya viwanja viwili, kipimo kikianzia kitovu cha dunia. Hapa ni digrii 106.45. Kila digrii ni maili 60 za baharini, jumla 6,387. Zidisha kwa 1.852, ni kilomita 11,829.

Muda ndio wenye maneno. Boeing 787, ambayo Kenya Airways iliitumia kuanzisha safari hii Oktoba 2018, hukata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata ile 13 na dakika chache. Lakini hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo wa huko angani huvuma kutoka magharibi, tena wakati wa baridi huwa mkali hasa. Tuseme wastani wa njia nzima ni kilomita 60 kwa saa. Kwenda unabaki na 840: saa 14 na dakika 5. Kurudi unapata 960: saa 12 na dakika 19. Halafu tiketi huhesabu tangu ndege inapoachana na geti hadi inapoegeshwa, na ukiijua foleni ya kuruka JFK utaelewa dakika nyingine zinaishia wapi.

Ndiyo maana uzi haufuatwi kikamilifu. Kuna siku tunaongeza kilomita kwa makusudi ili kukwepa upepo wa mbele, na ndege inafika mapema. Kuna na anga zisizopitika: mkato huu unagusa kona ya Darfur, na tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 tunapita kando.

Saa za kwenye tiketi nazo usizitoe hivihivi. Ukiondoka Nairobi saa 5:30 usiku, ukaruka saa 15, nyumbani itakuwa saa 8:30 mchana. Januari New York iko nyuma kwa saa 8, kwa hiyo unatua saa 12:30 asubuhi, na tiketi inaonekana kama safari ya saa 7. Julai, wao wakiwa wamesogeza saa zao mbele, tofauti ni saa 7. Ndege ileile itatua saa 1:30.