Je, wajua kwa nini ugonjwa wa thairoidi huchukuliwa kuwa wasiwasi tu?

Ni Julai, Nairobi ina baridi, na kila aliye ndani ya matatu amejikunyata kwenye sweta. Abiria mmoja anafungua dirisha kwa sababu jasho linamtoka. Moyo unamwenda mbio ilhali ameketi. Wiki kadhaa sasa hapati usingizi, na mshipi amelazimika kuutoboa tundu jipya ingawa anakula kuliko zamani. Akifika kliniki anapimwa malaria, homa ya matumbo na presha, vyote viko sawa, kisha anaambiwa: "Unafikiria sana. Jaribu kupumzika."

Inawezekana kweli anafikiria sana. Lakini dalili hizo zote huletwa pia na thairoidi, tezi yenye umbo la kipepeo iliyo sehemu ya chini ya shingo, mbele. Tezi hii hutoa homoni za T4 na T3, ambazo huamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Homoni hizo zikizidi, moyo huwa mwepesi kuitikia adrenalini, homoni ya mshtuko, hata kiasi cha kawaida tu. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho na kushtukashtuka kama mtu aliyekimbizwa, bila kukimbizwa na chochote. Hata dawa inaweza kupotosha: propranolol hutuliza mapigo ya moyo na mtetemeko wa pande zote mbili, uwe wa wasiwasi au wa thairoidi. Kupata nafuu kwa propranolol hakuthibitishi kwamba shida ilikuwa mawazo.

Kuna mambo unayoweza kuyaangalia nyumbani kabla ya kurudi kwa daktari. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima pindi unapoamka, kabla ya kuinuka kitandani, siku 7 mfululizo, na uandike. Hofu huja na kwenda. Thairoidi iliyozidi hailali, kwa hiyo mapigo ya asubuhi mara nyingi hubaki juu, 90 na zaidi. Nyoosha mikono mbele, tanua vidole, mtu akuwekee karatasi juu ya vidole hivyo: mtetemeko mdogo wa haraka usioonekana kwa macho utaichezesha karatasi. Viganja vya mwenye hofu mara nyingi huwa na jasho la baridi. Vya mwenye thairoidi iliyozidi huwa na joto. Chuchumaa, kisha uinuke bila kushika kitu. Mapaja yakikataa, mwambie daktari. Kunywa maji mbele ya kioo pia, utazame kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka shingoni unapomeza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotoa jibu la mwisho, ila vyote humpa daktari kitu cha kushika.

Thairoidi iliyopungua nayo hupewa majina ya uvivu au huzuni: uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu, uzito kuongezeka, hedhi nzito.

Jibu liko kwenye damu, na kipimo cha kwanza ni TSH. Hii ni homoni ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, na kazi yake inafanana na ya makanga anayegonga bodi ya gari. Thairoidi ikizembea, pituitari hugonga kwa nguvu na TSH hupanda. Thairoidi ikienda mbio yenyewe, makanga hunyamaza na TSH hushuka karibu na sufuri. Kwa watu wazima maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa kawaida. Omba TSH pamoja na T4 huru, inayoandikwa FT4. Sisitiza neno "huru", kwa sababu T4 ya jumla hupandishwa na ujauzito na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hata thairoidi ikiwa nzima. TSH ikiwa chini sana na FT4 kawaida, T3 ipimwe pia, maana wapo ambao T3 peke yake ndiyo imezidi. Vipimo vya TRAb na TPO, kingamwili zinazoilenga thairoidi yenyewe, hufuata baadaye, kutafuta chanzo.

Hapa ndipo mambo huharibika. Kile kipimo cha haraka cha kijiti, cha kudondoshea damu, hutengenezwa kwa kawaida kugundua TSH iliyopanda tu. Yule abiria wetu ataambiwa yuko sawa. Vidonge vya nywele na kucha huwa na vitamini iitwayo biotini, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mwili unahitaji takriban 30 kwa siku. Biotini haidhuru thairoidi, lakini huvuruga baadhi ya mashine za maabara zikaonyesha TSH ya chini na T4 ya juu za uongo. Iache angalau siku 2 kabla ya kupimwa, na zaidi kama dozi ni kubwa. Ukiwa umelazwa kwa ugonjwa mwingine mkali, majibu pia huyumba. Kufunga kula si lazima.

Kwa daktari, anza na tarakimu: "Daktari, mapigo yangu ya asubuhi ni 98, nimepungua kilo 6 tangu Aprili bila kujinyima. Naomba tupime TSH na T4 huru kabla ya kuamua ni wasiwasi." Mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja ataje hilo mapema, kwani thairoidi inaweza kuvimba kipindi hicho, ikazidi kwanza kisha ikapungua. Daktari akikataa, mwombe kwa heshima aandike sababu kwenye faili, kisha utafute maoni ya daktari wa pili. Mapigo yakirukaruka bila mpangilio, ukazimia, au ukapata maumivu ya kifua, usingoje miadi. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo.

Omba nakala ya majibu, si neno "kawaida" tu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Angalia vizio vya kipimo (pmol/L au ng/dL): FT4 ya maabara moja itasoma 15 na ya nyingine 1.2, na zote mbili zinasema jambo lile lile. Kwa hiyo TSH ikitoka kando kidogo tu, rudia baada ya miezi 2 au 3, maabara ile ile, saa zile zile za asubuhi. TSH na FT4 zikiwa sawa kabisa, thairoidi haina makosa. Upungufu wa damu na umeme wa moyo vichunguzwe, na wasiwasi wenyewe upewe tiba kamili kama ugonjwa mwingine wowote.