Nywele za tumboni, kabla hujashika wembe

Binti mmoja aliingia chumbani kwangu, kliniki ya ngozi hapa Tabora mjini, akafunga mlango mwenyewe kabla sijamkaribisha. "Shikamoo dokta. Mama yuko hapo nje, naomba haya yabaki kwetu." Alipolegeza kanga niliona mstari wa nywele nyeusi ukipanda kutoka kinenani hadi juu ya kitovu, na pembeni yake vipele na madoa ya wembe. Shangazi yake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke wa namna hiyo hazai.

Maneno hayo yananiumiza, kwa sababu si kweli, na yanawafanya mabinti wajichane ngozi kwa siri. Tumbo la kila mtu lina nywele. Unazaliwa na vishina vyake vyote, na kwa wengi wetu vinaotesha malaika tu, zile nywele laini zisizoonekana mpaka jua lizipige. Balehe ikifika, homoni za kiume ziitwazo androjeni huamsha baadhi ya vishina, malaika zikageuka nywele nene nyeusi. Wanawake nao wana androjeni, zinatoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mstari mwembamba chini ya kitovu, kwa dada ambaye mama yake na bibi yake walikuwa nao, ni urithi kama ulivyo urefu.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kunyoa nauliza: zilianza lini, na hedhi inakujaje? Mwaka 1961 madaktari Ferriman na Gallwey walitunga kipimo cha kukadiria kwa macho wingi wa nywele za mwili wa mwanamke, na bado tunakitumia. Siku hizi tunatazama sehemu tisa za mwili, mbili kati yake zikiwa tumbo la juu na tumbo la chini, kila sehemu ikipewa alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 8 tunaanza kutafuta sababu. Inayoongoza ni ovari zenye vifuko vingi, ambapo hedhi huruka miezi, chunusi hukataa kuisha na mara nyingi uzito huongezeka. Hali hiyo inaweza kuchelewesha mimba, lakini inatibika, na wengi wenye hali hiyo wanazaa. Binti yangu huyu hakuwa ameona hedhi kwa miezi minne. Nilimwandikia vipimo vya homoni na sukari, wembe ukasubiri.

Nywele zikitokea kwa kasi, ndani ya miezi michache, huku sauti ikiwa nzito na kichwa kikianza upara, usingoje. Hapo tunahofia uvimbe kwenye ovari au kwenye zile tezi za juu ya figo.

Kuna sababu nyingine ninayoiona mara nyingi kuliko ninavyopenda: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, na ngozi inayopakwa steroidi miezi mingi huota nywele pale pale ilipopakwa, ikawa nyembamba na kutoka michirizi. Dawa yake ni kuacha, lakini kwa kupunguza polepole chini ya uangalizi. Mjamzito anayeona nywele tumboni asihangaike, kwa kawaida hupungua ndani ya miezi sita baada ya kujifungua.

Sasa kuziondoa. Wembe haufanyi nywele ziwe nene. Jambo hili lilipimwa na kuchapishwa mwaka 1928, na mtafiti Mildred Trotter wa Marekani hakuona tofauti yoyote. Unywele uliokatwa una ncha butu badala ya ncha iliyochongoka, basi unakwaruza mkono. Tatizo letu ni jingine. Nywele zetu zimejipinda, na zikinyolewa hadi chini kabisa, ncha hurudi kutoboa ngozi, kikatoka kipele, kikaacha doa. Tumboni kuna pia fundo la kanga na mkanda vinavyosugua kutwa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mashine ya kunyolea inayobakiza unywele mfupi kidogo. Ukitaka wembe, uwe wako peke yako, nyoa baada ya kuoga, kwa povu la sabuni, ukifuata nywele zinakolalia.

Nta tunayo, Tabora ni nchi ya nyuki. Inang'oa unywele na mzizi wake, ukapumzika wiki kadhaa, lakini nimetibu matumbo yaliyoungua kwa nta iliyotoka jikoni moja kwa moja. Ijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono. Dawa za kunyolea za dukani huyeyusha protini ya unywele, na ngozi nayo ina protini hiyo hiyo, kwa hiyo zijaribu siku moja kabla kwenye mkono na usizidishe dakika zilizoandikwa. Mwenye historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, aje tuzungumze kwanza. Na anayesafiri kutafuta leza, mwanga mkali unaounguza vishina vya nywele, aulize kama ni ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi.

Ipo pia krimu ya eflonithini, ya kupunguza kasi ya nywele za usoni tu. Inanigusa kwa sababu dawa hiyo hiyo ni tiba ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, ambao wazee wa Urambo wanaujua vizuri, ingawa ilifaa kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, si hii yetu.

Ombi langu kwa wajawazito waliopangiwa upasuaji: msinyoe tumbo nyumbani usiku wa kuamkia. Wembe huacha vijeraha visivyoonekana, na wadudu huingilia humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka nywele ziachwe, na zikilazimika kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine. Mkunga akikushikisha wembe, mwulize kwa adabu kama mashine ipo.