Kisukari na vitafunwa vya kazini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mwenye kisukari lazima atafune kitu kila baada ya saa mbili."

Ushauri huu umewanenepesha wengi bure. Kinachoamua ni dawa unayotumia. Ukiwa kwenye insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, au vidonge vinavyoihimiza kongosho itoe insulini, mfano glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ukichelewa kula, na hapo kitafunwa cha katikati kina kazi yake. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake ni nadra kupatwa na hali hiyo. Kama hana njaa, sahani ya biskuti kuletwa kikaoni si sababu ya kula.

"Biskuti zilizoandikwa 'bila sukari' hazina neno."

Geuza pakiti usome upande wa nyuma. Unga wa ngano ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unakuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, hata kama hakuna punje ya sukari iliyotiwa. Kwa hiyo usiishie kwenye mstari wa sukari, tafuta jumla ya wanga. Kisha angalia hesabu hiyo ni ya kiasi gani, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa chenga: lebo inahesabu biskuti mbili, wewe unamaliza pakiti huku unajibu barua pepe. Tuseme mbili zina gramu 14 za wanga. Ukila sita umefika 42, karibu sawa na vipande vitatu vya mkate. Nyingine hutiwa maltitoli, kitia utamu mbadala, ambayo hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini hupandisha. Ukiizidisha, tumbo litanguruma hadi bosi asikie.

"Matunda hapana, bora juisi halisi."

Ni kinyume chake. Tofaa dogo lina gramu 15 hadi 20 za wanga, lina nyuzinyuzi, na kulitafuna kunachukua muda. Glasi ya juisi ya machungwa ya mililita 250 ina gramu 25 hivi za sukari hata isipoongezwa kitu, na inaingia kwenye damu upesi.

"Karanga kula utakavyo."

Wanga wake ni mdogo kweli, na zinashibisha. Ila konzi moja, gramu 30 hivi, ina karibu kalori 170. Pima nyumbani, uje na kikopo, mfuko uuache hukohuko. Chagua zisizo na chumvi.

"Sukari ikishuka, kula chokoleti."

Hili ndilo la hatari. Mafuta ya chokoleti huchelewesha sukari kufika kwenye damu wakati unaihitaji sasa hivi. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L), chukua gramu 15 za sukari ya haraka: nusu kikombe cha juisi, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Soda isiyo na sukari haitakusaidia kitu. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Mlo ukiwa mbali, fuatisha kitafunwa kidogo baada ya sukari kupanda.

Mwenzako wa meza ya jirani ajue juisi yako iko droo gani. Ajue pia kwamba ukipoteza fahamu asikutie chochote mdomoni, bali apige simu ya dharura mara moja.