Boxing Day si siku ya ngumi

Kila ifikapo Desemba 26 hakosekani mtu wa kuuliza, "Leo wanapigana akina nani?" Na kwa kuwa mapromota wa Dar es Salaam hupenda kupanga mapambano siku hiyo, wengi wanaamini kabisa kwamba jina limetokana na ndondi.

Kumbe "box" hapa ni sanduku tu. Zamani Uingereza, vijana wa kazi madukani waliweka kisanduku cha bakshishi ya Krismasi, mteja anatumbukiza sarafu. Samuel Pepys wa London aliandika kwenye shajara yake, Desemba 1663, kwamba alimlipa fundi viatu wake kisha akatia chochote kwenye sanduku la vijana. Watumishi wa majumbani, ambao Krismasi yenyewe walishinda jikoni, walipewa mapumziko kesho yake. Mwaka 1871 sheria ikaifanya sikukuu rasmi, na wakoloni wakaja nayo huku.

Siku hizi Waingereza hula kiporo: bata mzinga wa jana ndani ya mkate, viazi na kabichi vilivyopondwa pamoja na kukaangwa mpaka vishike ukoko (kitamu kuliko kinavyosikika). Halafu mpira.