"Ameachiliwa"? Hajaachiliwa, anatumikia adhabu

Wiki iliyopita mama mmoja muuza dagaa alinifuata hadi kwenye uzio wa kituo cha afya hapa Arua, Uganda, akamnyooshea kidole kijana aliyekuwa akifyeka nyasi. "Mwanangu, huyo ndiye aliyeniibia simu. Amempa hakimu shilingi ngapi?"

Swali hilo nimeulizwa hadi nimechoka. Aliyepewa huduma kwa jamii, kama kijana huyo, hajaachiliwa. Ametiwa hatiani na kuhukumiwa, ila adhabu yake anaitumikia nje. Wala si ujanja wa hakimu fulani: Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu mwaka 2000, na inahusu makosa madogo tu, yale ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2. Muuaji na jambazi hawamo, hata walie machozi ya damu. Kabla ya amri kutolewa mkosaji huulizwa kama anakubali, nasi maafisa wa huduma kwa jamii tunafika kwao, tunamwona mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), tunauliza analala wapi na majirani wanasemaje. Kisha anapangiwa kazi: shuleni, kwenye kitalu cha miche, au kituo cha afya kama huyu wetu. Hazidi saa 8 kwa siku, amri yenyewe haizidi miezi 6, na hapewi hata shilingi. Msimamizi anahesabu saa zake. Akikwepa, anarudishwa kwa hakimu, na hakimu anaweza kuifuta amri na kumfunga kwa kosa lile lile.

"Lakini halali ndani!" Kweli, halali ndani. Ndani kwenyewe magereza yetu yalijengwa kwa watu wapatao 20,000, na miaka hii yamekuwa yakibeba zaidi ya 70,000, karibu nusu yao mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Mwingize mwizi wa kuku humo, alale ubavu kwa ubavu na wazoefu, wewe na mimi tumlishe kwa kodi. Akitoka, kibarua kimekwenda, shamba limekuwa pori, na walimu wa wizi amewapata. Huku nje anafyeka mbele ya macho ya waliomjua tangu mtoto. Kijana wetu siku ya kwanza alivaa kofia hadi kwenye nyusi, jua lenyewe halijatoka.

Mama yule nilimpa haki kwa jambo moja: hakuna aliyemweleza hukumu. Ndiyo maana kila mlalamikaji ninayemwona namwambia asiondoke mahakamani kabla hajaulizia fidia, kwa sababu mahakama inaweza kuamuru mkosaji amlipe aliyemkosea. Na ninyi mnaotumikia, wekeni daftari lenu la saa. Msimamizi akisahau kusaini, msije kunililia mimi.

Mengine ninayoyasikia mitaani nitayapitia haraka.

"Alifungwa miaka 3, katoka baada ya 2, basi katoroshwa." La. Sheria ya Magereza ya 2006 inampunguzia mfungwa mwenye bidii na nidhamu theluthi moja ya kifungo. Piga hesabu.

"Bondi ya polisi inalipiwa." Dhamana hiyo ya kutoka kituoni ni bure. Anayekudai pesa za bondi anakuibia.

"Mfungwa habadiliki." Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Kesi iliyobeba jina lake ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu, Januari 2009, kuamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Akiwa gereza la Luzira alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London, akatoka 2016. Si kila mfungwa ni Kigula, najua. Lakini useremala na ushonaji pia vinafundishwa magerezani, na fundi aliyetoka huko anakosa kazi kwa sababu ya midomo yetu, si mikono yake.

Halafu wazazi. "Afisa, mpeleke huyu Kampiringisa akanyooshwe." Mzee, mwanao amekataa shule, hajavunja sheria. Kampiringisa ni kituo cha kurekebisha watoto waliovunja sheria, si shule ya bweni. Mtoto hupelekwa huko kwa amri ya mahakama, na aliye chini ya miaka 12 kisheria hawezi hata kushtakiwa. Nenda ofisi ya probesheni ya wilaya, inayoshughulikia ustawi wa watoto. Na uende naye, usimtume peke yake na barua.