Mkimbiaji Akianguka, Msimnyweshe Maji Kwanza

Wiki iliyopita nimeandikiwa tena, na mtu mwenye nia njema kabisa: "Daktari, siku ikiwa ngumu dawa ni maji. Wanywe hata kabla ya kusikia kiu." Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na safari hii mistari miwili ya jibu haitoshi.

Nahudumia wakimbiaji wa mbio za hisani, zile za siku nyingi mfululizo, kilomita arobaini hivi kila siku, huku watu wakichangia wagonjwa. Siku mbili za mwanzo hazinitishi. Malengelenge tunayashughulikia, vidole tunafunga, watu wanalala. Ninayoiogopa ni siku ya katikati, goti limevimba, mkimbiaji anatembea kuliko anavyokimbia, na safari ya saa nne imekuwa ya saa saba.

Siku moja ya namna hiyo niliitwa kwa mkimbiaji aliyekaa kando ya barabara. Anatapika, kichwa kinamgonga, ukimuuliza swali anachelewa kujibu. Wenzake walishamzunguka na chupa. "Daktari, mpe maji basi, huoni kaishiwa?" Nikamshika mkono. Pete ilikuwa imezama kwenye kidole, na mkanda wa saa umechora mfereji kwenye ngozi. Tulipompima, alikuwa amezidi uzito wake wa asubuhi kwa kilo moja na nusu. Mtu aliyekaukiwa maji anaongezekaje uzito?

Alikuwa amezidiwa na maji, na maji yakizidi huzimua sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyo kwenye damu, ambayo inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Mkimbiaji wa polepole hutoka jasho kidogo kwa saa kuliko yule wa mbele, lakini anapita vituo vilevile vya maji, na kila kituo ana muda wa kusimama, kupokea kikombe na kushukuru. Kukataa anaona ni utovu wa adabu kwa watu waliomsubiri juani.

Hapa ndipo ninapobishiwa kila mara: "Si atayakojoa tu?" Hakojoi! Maumivu, kichefuchefu na kazi ndefu ya mwili huchochea vazopresini, homoni inayoziamuru figo kushikilia maji. Figo ni nzima kabisa, ila zinatii amri. Maji yanabaki, sodiamu inazimuliwa, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Kinachofuata ni degedege, na watu wamekufa hivyo wakiwa wamezungukwa na marafiki wanaowabembeleza wanywe.

Wala si jambo la nadra kama mnavyodhani. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walitoa damu ipimwe walipomaliza. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa 135 au chini ya hapo, na watatu walikuwa kwenye 120 au chini. Walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya saa nne ndio waliokuwa hatarini zaidi. Na hiyo ilikuwa siku moja tu ya mbio.

Vinywaji vya wanamichezo? Vingi vina sodiamu kidogo sana ukilinganisha na damu, kwa hiyo ukivinywa kupita kiasi bado unazimua. Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, njiani, hapana, figo zina mzigo wa kutosha.

Kunywa ukisikia kiu. Simaanishi maji ni adui: wapo wanaokaukiwa kweli, na kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, kinaua upesi. Aliyechanganyikiwa apimwe joto la ndani ya mwili, na likizidi nyuzi 40 apoozwe kwa maji ya barafu palepale, kabla ya kupakiwa garini.

Lakini yapo yanayoninyima usingizi. Bila mashine ya kupima damu, maji kuzidi, kukaukiwa na kiharusi cha joto hufanana mno. Pete na mizani vinanielekeza tu, kwa sababu mtu anaweza kupungua uzito na sodiamu ikashuka vilevile. Vidonge vya chumvi nimevigawa miaka kadhaa kwa imani kubwa. Leo siamini tena kwamba vinamkinga anayekunywa kupita kiasi, na bado wakimbiaji wakiniomba hunipa shida kuwanyima.

Siku ile mashine ilikuwepo. Ilisoma sodiamu 126. Dripu ya kawaida, ambayo kila mtu aliidai kwa sauti, ingeweza kumzidishia maji. Nilimpa mshipani mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3, nikarudia baada ya dakika kumi, nikazuia kila chupa isimkaribie. Rafiki yake mmoja alinikasirikia mpaka akalia. Nikamwacha alie, nikakaa na mgonjwa wangu, nikimuuliza jina lake na siku ya leo kila baada ya muda mfupi. Saa tatu usiku akaomba kwenda kukojoa. Baada ya nusu saa akaomba tena, na mara hii alitembea mwenyewe.